Mtoto Analala Upande Gani

Kabla hajaniuliza jina, jirani wa nyuma aliniuliza mwanangu atalala upande gani.

Nilikuwa nafagia uwanja wa nyumba ambayo bado sikuwa nimekubali kuipanga. Kwenye ua wa nyuma, ua wa mianzi na makuti kama nyua zote za mtaa ule wa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, palikuwa na jamvi chakavu lililoning'inia. Nilidhani mtu ameanika. Jamvi likainuka, akatokea mama mmoja wa makamo, kanga kiunoni, unga wa mchele mpaka kwenye viwiko. Hodi aliipiga akiwa tayari nusu mwili uko kwangu.

"Karibu mtaani, mwanangu. Watoto unao?"

"Ninaye mmoja, mama. Wa kike. Na mwingine yuko njiani."

"Mashallah. Na huyo mkubwa atalala upande gani?"

"Upande gani wa wapi?"

"Wa nyumba. Chumba hiki cha huku kwangu, au kile cha barabarani?"

Nikamwambia bado hatujaamua. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimeshaamua siku ya kwanza kwamba mtoto atalala chumba cha nyuma, mbali na barabara, na kitanda nilishakipanga kichwani, mto huku, chandarua kule. Lakini nilisimama na ufagio mkononi nikimtazama yule mama na unga wake, nikijiuliza kwa nini mtu asiyejua hata naitwa nani ahitaji kujua kitanda cha mwanangu kiko ukuta gani. Hakuuliza anapenda kula nini, wala anasoma dini wapi. Aliuliza anapolala.

"Haya," akasema, "ukishaamua utaniambia." Jamvi likashuka.

Usingizi uliniruka siku hiyo, na siku zilizofuata pia.

Nieleze tulivyofika hapo. Kwetu ni Mute, kijiji cha wakulima kwenye barabara ya Palma. Vita vilipokuja, mimi nilikuwa Nampula, nasoma jiografia faculdade, yaani chuo kikuu, na nilivisikia kwa simu. Mke wangu hakuvisikia kwa simu. Yeye alikuwa kwao, karibu na Palma, akatembea porini na mama yake mpaka miguu ikavimba. Tulikutana baadaye Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa. Tukaoana, tukapata mtoto, na tangu hapo tukawa tunaishi katika chumba kimoja cha nyumba ya mjomba wake. Mjomba mwenyewe hana neno. Lakini nyumba ilikuwa imejaa watu waliokimbia kama sisi, na mke wangu, mimba ya pili ilipoanza kuonekana, alisema jambo moja na hakulirudia: hatazaa tena katika nyumba ya watu.

Mimi nikapata kazi Mocímboa, katika ofisi ndogo karibu na bandari, ya kuandika shehena zinazopakiwa na kushushwa. Nikatangulia peke yangu. Nilikuwa na kazi ya pili, ambayo ndiyo iliyoninyima usingizi: kutafuta nyumba kabla tumbo la mke wangu halijawa zito kiasi cha kushindwa safari ya gari. Nikichelewa, atazaa kule kule. Nikikosea, atazaa mahali pabaya zaidi, na nitakuwa ndiye niliyempeleka.

Mtu mwingine angeangalia paa na bei. Mimi niliangalia kila kitu. Palikuwa na nyumba karibu na askari, nikafurahi kwamba pana ulinzi, halafu nikawaza kwamba anayetaka kupiga hupiga penye askari. Palikuwa na nyingine mbali na askari, nikawaza kinyume chake. Ya karibu na bandari ilikuwa na kelele za malori. Ya mbali na bandari ilikuwa na kimya, na kimya sikukipenda. Mwishowe ikaja hii ya katikati. Mwenyewe alihamia upande wa Mtwara na hana mpango wa kurudi. Funguo zilikuwa kwa dada yake, mama mnene mcheshi aliyeniita dotoro tangu dakika ya kwanza, kwa sababu huku kwetu aliyetoka faculdade huitwa dotoro hata kama hajui kuchoma sindano.

"Nyumba nzuri, dotoro. Haina jambo."

Mimi nikiambiwa nyumba haina jambo, naanza kulitafuta hilo jambo. Nikaliona chumba cha mbele: ukuta ulikuwa umezibwa kwa saruji mpya hapa na pale, viraka vya duara, vidogo.

"Hivi ni nini, mama?"

"Mvua."

"Mvua inatoboa duara?"

Akacheka, akanipiga begani. "Mvua ya huku, dotoro, haijasoma." Halafu, bila kucheka: "Matundu yamezibwa. Nyumba ngapi humu hazijazibwa?"

Akanipa funguo. Akasema nikae kwanza, nifagie, nisikie mtaa unavyonukia, mke wangu akija tutaamua pamoja. Hilo nalo nililitilia shaka. Nani anatoa funguo kabla ya kupokea chochote? Nikahamia na mkeka, ndoo na taa, nikaanza kuuchunguza mtaa.

Niliuchunguza kama nilivyofundishwa kuchunguza mahali. Nilipita asubuhi, nikapita adhuhuri, nikapita watu wakitoka msikitini jioni. Nilitazama foleni ya maji bombani, nani anamsukuma nani. Nilitembea kutoka nyumbani mpaka hospitali nikipima njia, na kwenye kona nilipiga picha kwa simu ili mke wangu aone penye mawe na penye mchanga. Nilimuuliza muuza mkaa vijana wa mtaa hufanya kazi gani. Nilimuuliza mtu mwingine ni nyumba zipi hazina watu.

Majibu niliyopata yalikuwa mafupi. Kila nilipofika bombani, wanawake walikuwa wanazungumza, na kila nilipofika karibu, walikuwa wanazungumzia samaki. Haiwezekani watu wazungumzie samaki asubuhi na jioni. Ng'ambo ya barabara, kibarazani, palikuwa na fundi cherehani, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye cherehani yake ilinyamaza kila nilipofungua mlango na kuanza tena nilipofunga. Nilijaribu. Nilifungua na kufunga bila kutoka. Ikanyamaza, ikaanza.

Siku moja fundi aliniita, na pembeni yake alikaa mkubwa wa mtaa, shefe, mtu wa shati safi na sauti ndogo.

"Dotoro, kaa. Tunakusalimia tu."

Nikakaa. Waliniuliza kwetu, nikasema Mute. Wakanitajia watu wawili watatu wa Mute, nikawajua. Wakaridhika, au walionekana kuridhika.

"Na wakati wa vita ulikuwa wapi?" shefe akauliza.

"Nampula. Nasoma."

"Unasoma nini?"

"Jiografia."

Shefe akamtazama fundi. Fundi akavua miwani.

"Jiografia," shefe akasema polepole. "Yaani ramani."

"Si ramani tu, mzee. Ni pamoja na udongo, mvua, watu wanavyo..."

"Na zile picha za njia ni za udongo?"

Nikaeleza habari ya mke wangu, tumbo, mawe na mchanga. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo, ingawa kila neno lilikuwa kweli. Shefe alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni vizuri mtu kumjali mkewe, na kwamba wangefurahi kumwona mke huyo mapema, yeye na mtoto. Fundi akaongeza, akivaa miwani:

"Mwanamume peke yake katika nyumba kubwa, dotoro, hata paka wanamwogopa."

Niliporudi nyumbani niliyageuza maneno hayo kila upande. Mbona wanamtaka mke wangu haraka? Mbona yule mama alitaka kujua chumba cha mtoto? Nikatazama lile jamvi chakavu. Nyuma yake hapakuwa na ua kabisa, palikuwa na uwazi wa kupita mtu, na ng'ambo uwanja wa yule mama wa unga, muuza vitumbua, na kwenye ua wake wa nyuma, nikachungulia nikaona, jamvi jingine. Na nyuma ya hilo, nadhani, jingine. Nyumba yangu ilikuwa imeunganishwa na nyumba nisizozijua kwa matundu yaliyofunikwa, na mtu yeyote angeweza kuingia toka popote na kufika kwenye chumba cha nyuma, kwenye kitanda cha mwanangu.

Niliziba siku hiyo hiyo. Nilinunua mianzi mipya, nikaipanga karibu karibu. Sikuifunga kwa kamba ya ukili kama wafanyavyo wote, maana kamba hukatika. Niliifunga kwa waya, ule mgumu unaotumika kufungia shehena bandarini, nikausokota kwa koleo mpaka viganja vikachubuka. Nilipomaliza nilirudi nyuma kuutazama. Ulikuwa ua ulionyooka kuliko wote mtaani. Nilipiga picha, nikamtumia mke wangu. Hakujibu siku hiyo, nikadhani ni mtandao.

Asubuhi mama wa vitumbua alisimama ng'ambo. Nilimwona vipande vipande kati ya mianzi.

"Umeziba."

"Ndiyo, mama. Wezi."

"Wezi," akarudia. Akatazama waya. Akapitisha kidole juu yake, kidole chenye unga. Nilingoja anigombeze, maana nilikuwa na majibu tayari, mengi, niliyapanga alfajiri. Hakugomba.

"Haya," akasema, akaenda zake.

Ile haya niliiwaza kutwa. Siku hizo vitumbua nilivyozoea kununua kwake vilikuwa vimeisha kila nilipofika, ingawa wa nyuma yangu kwenye foleni walipata. Bombani hata samaki hawakuzungumziwa tena. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo dalili: mtu ukimfungia njia, akikasirika, basi alikuwa na jambo na hiyo njia. Niliona nimeutegua mtego. Nilikaribia kumpigia mke wangu asije, nimwambie mtaa huu haufai kwa mtoto, ningoje nitafute mwingine. Lakini tumbo lilikuwa halingoji, na alikwisha kupanda gari.

Walifika alasiri, yeye na binti yetu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mtoto huyu alikuwa katika umri wa kujua kusema na kutojua kunyamaza. Mke wangu alishuka akishika kiuno, akasalimia barabara nzima kwa zamu, fundi, mke wa fundi, wapita njia, kabla hajanisalimia mimi. Kisha akaingia, akazunguka nyumba. Viraka vya saruji alivigusa kwa kiganja na hakuuliza ni nini. Chumba cha nyuma alikipenda. Jiko alilipenda. Alipofika uwanjani akasimama.

"Ndio ule wa picha?"

"Ndio. Palikuwa wazi, mtu anaingia tu."

"Sasa tukitaka kutoka, tunatokea wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango upi?"

"Huo wa mbele. Ni mzuri, nimeutia komeo."

Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi. Nilikuwa nimemaliza.

"Mmoja tu," akasema. Akakaa juu ya ndoo, akavua viatu. "Tutaongea. Kwanza nipe maji."

Hatukuongea, kwa sababu jioni ile wageni walikuja. Mama wa vitumbua alizunguka kwa barabara, njia ndefu, na sahani iliyofunikwa, na alipoingia alihema kwa makusudi ili nisikie. Nyuma yake mke wa fundi. Walimkalisha mke wangu mkekani wakaanza kumuuliza. Anaitwaje mtoto. Analala usingizi mzito au mwepesi? Akishtuka analia au anakaa kimya? Anamkubali mtu asiyemzoea? Yeye mama mwenyewe mgongo vipi, anaweza kutembea, anaweza kuinama? Mimba ya kwanza alitembea mpaka siku gani?

Mimi nilikaa mlangoni nikimkonyeza. Hakuniona, au aliniona. Alijibu yote. Mtoto analala chumba hiki cha nyuma, upande wa ukuta, usingizi mzito, akishtuka hukaa kimya kisha ndipo hulia. Asiyemzoea humkubali akipewa kitu cha kula. Kutembea anaweza, kukimbia hawezi.

"Kukimbia nani anakuambia?" mama wa vitumbua akasema. "Utabururwa." Wakacheka wote watatu, kicheko kilichoniudhi, maana mke wangu alicheka kama anawajua tangu utotoni.

Walipoondoka nikamwuliza kwa nini anatoa siri za nyumba.

"Siri gani?"

"Mtoto anapolala. Usingizi wake. Hujui hao ni nani."

"Na wao hawakujui wewe ni nani," akasema. "Yule mama ameniambia ulikuwa unapita mchana ukiuliza nyumba zipi hazina watu. Wewe! Ungekuwa wewe ni wao, ungemfikiriaje mtu huyo?"

Nililala nikiwa nimeudhika na watu wengi kwa pamoja.

Kesho yake asubuhi nilikuwa chumba cha mbele, nikikikwangua kiraka kimoja kwa ukucha nione chini yake kuna nini. Mke wangu alikuwa uwanjani akiosha vyombo. Mtoto alikuwa ng'ambo ya barabara, kibarazani kwa fundi, akiokota vipande vya vitambaa, jambo ambalo sikuliruhusu na ambalo sikuombwa ruhusa.

Kikasikika kishindo upande wa bandari. Kimoja tu, kizito.

Cherehani ikanyamaza. Safari hii haikuwa kwa sababu yangu. Mtaa wote ulikaa kimya kwa pumzi moja, hata kuku, kisha nikasikia miguu. Sikusikia kelele, na hilo ndilo sitalisahau. Nilitegemea watu wakimbie wakipiga mayowe. Walikimbia wakinong'ona, wakiitana kwa sauti za chini, majina ya watoto, na walikuwa wanakuja kwangu. Mlango wa mbele ukafunguka, wakapita ndani ya nyumba yangu bila kunitazama, mwanamke na mtoto mgongoni, msichana na bibi yake aliyemshika mkono, mwingine, mwingine, wote wakielekea uwanjani, nyuma, kwenye jamvi.

Jamvi halikuwapo. Palikuwa na mianzi yangu.

Nilifika uwanjani nikawakuta wamesongamana kwenye ua kama maji yaliyokosa mfereji. Bibi aliupapasa ua kwa viganja akitafuta uwazi alioujua. Ng'ambo mama wa vitumbua alikuwa anavuta mianzi kwa mikono miwili. "Waya!" akasema. "Ameweka waya!" Fundi alikuwa amefika na mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, akauingiza kwenye waya, akakaza mpaka miwani ikaanguka, mkasi ukapinda. Mimi nikakumbuka koleo. Nikakimbia chumba cha nyuma nilikoliweka, na nilipoingia nikakiona kitanda cha mtoto kitupu, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba nina mtoto.

Nilitazama chini ya kitanda. Nilitazama nyuma ya mlango. Nilitoka na koleo nikiita jina lake kwa sauti kubwa, peke yangu mtaani niliyepiga kelele, na wanawake wakanigeukia na kuniambia ssh.

Mke wangu alikuwa amesimama kando ya ua, mkono wa mke wa fundi kiunoni mwake, tayari kubururwa. "Yuko huko," akaniambia. "Kata waya."

Nikakata. Waya wangu ulikuwa mzuri sana. Wa kwanza ukakatika, wa pili, fundi akapiga teke, mianzi miwili ikavunjika, bibi akapita, na ndipo mtu akapita barabarani akisema kwa sauti ya kawaida, karibu ya kuomba radhi: "Tairi! Ni tairi, jamani! Lori la bandarini limepasuka tairi!"

Hakuna aliyecheka mara moja. Watu walisimama walipokuwa. Mwenye mtoto mgongoni alimtoa akamtazama uso, akamrudisha. Halafu bibi, akiwa ameshafika ng'ambo, akauliza kama anaweza kurudi au apeleke salamu mbele, na hapo vicheko vikatoka, vya kuchoka, vya watu wenye kufuta jasho.

Mwanangu alikuwa ng'ambo ya ua, amekaa kwenye kigoda kando ya kikaango cha vitumbua, kimoja mkononi, kingine mdomoni, kimya kabisa. Fundi alikuwa amevuka naye barabara, akanipita naye kwenye msongamano bila mimi kumwona, akamrusha juu ya ua kabla mimi sijatoka hata chumba cha mbele.

"Huyu ni wangu," mama wa vitumbua akaniambia kupitia tundu lililovunjika. "Mke wako ni wa fundi na mkewe. Tuligawana jana."

"Mligawana?"

"Siku ile ya kwanza nilikuuliza nini? Si nilikuuliza analala upande gani? Sasa mtu nitamchukuaje mtoto gizani kama sijui yuko ukuta gani? Ukaniambia hujaamua." Akakigeuza kitumbua. "Safari ile ya vita kila mtu alikimbia na wake. Wengine mpaka leo hawajui watu wao wako wapi. Tuliporudi tukasema basi, kila mtoto na mtu wake, na nyumba hii ndiyo njia."

"Na mimi ni wa nani?"

"Wewe una miguu, dotoro."

Fundi alikuwa ameinua mkasi wake juani, akiutazama ulivyopinda. "Nguo ya sikukuu ya shefe iko nusu," akasema. "Akiniuliza nitamwambia ni jiografia."

Nilitaka kuwauliza mbona hawakuniambia wazi. Jibu nilikuwa nalo. Wangemwonyeshaje njia yao ya kutokea mtu anayepiga picha za njia?

Baadaye, watu walipotawanyika na cherehani ikawa imeanza tena, tulikaa uwanjani mimi na mke wangu. Mtoto alikuwa amekataa kurudi, yuko ng'ambo anahesabu vitumbua asivyojua kuhesabu. Nilikuwa na hoja moja na niliona ni nzuri.

"Mtaa ambao tairi likipasuka watu wote wanakimbia," nikasema, "ndio mtaa wa kulelea watoto? Tena mtoto mchanga?"

"Kwa mjomba, tairi likipasuka, nani anajua mwanao yuko chumba gani?"

"Pemba hakuna haja ya kukimbia."

"Na huko tulikokuwa tukilima, wewe ukiwa Nampula, palikuwa na haja? Tulikuwa na ua mzuri pia." Alisema bila hasira, akitazama vidole vya miguu yake. "Mimi sikutafuta mahali ambapo hapatatokea kitu. Hapo sijapaona. Mpigie mjomba, mwambie alete godoro na cherehani ya mama. Hapa nazaa."

Nikampigia. Mjomba akauliza kama mtaa ni mzuri. Nikaanza kumweleza, nikaona ni maneno mengi, nikamwambia mtaa una watu.

Kisha nikachukua koleo nikaenda kumaliza kuvunja ua wangu. Nilitoa mianzi iliyovunjika, nikafungua waya uliobaki, nikaacha uwazi kama ule wa zamani, upana wa mtu. Mama wa vitumbua alisimama ng'ambo akisimamia.

"Ongeza."

"Ndivyo ulivyokuwa, mama."

"Ulivyokuwa ulikuwa hauna mjamzito wa kupita. Ongeza. Hapo unapita wewe, na wewe si mtu, wewe ni ufito. Muite mwenyewe."

Mke wangu akaja, akasimama kwenye uwazi, tumbo mbele. Halikupita. Nikang'oa mwanzi mmoja. Akajaribu ubavu, likagusa. Nikang'oa mwingine, na wa pembeni yake, ua wangu wote mpya ukiisha mkononi mwangu, mpaka akapita moja kwa moja bila kugeuka, mikono ikiwa huru, kama mtu anayepita mlangoni kwake.

Hakurudi. Alikaa kule kwenye kigoda, akapewa kitumbua, na mama wa vitumbua akaomba mianzi iliyovunjika iwe kuni. Nikaipitisha. Nikalirudisha lile jamvi chakavu mahali pake, nikasimama upande wangu. Ng'ambo walinong'ona kidogo, kisha wote wakacheka, na mwanangu akacheka bila kujua anacheka nini. Nilisikiliza kwa makini. Sikusikia neno lolote, lakini nina hakika walikuwa wananicheka mimi.